Elia Chini ya Mretemu



Someni 1 Wafalme 19:1-18. Elia, yule aliyewakabili manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli, sasa twamwona amekimbia vitisho vya Yezebeli. Amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, amekwenda mwendo wa siku moja jangwani, ameketi chini ya mretemu, aomba afe. Basi Mkristo akivunjika moyo hata baada ya kazi njema, tusistaajabu.

Tazameni jinsi Mungu amtendeavyo mtumishi aliyechoka. Hamkemei. Amwacha alale, kisha amtuma malaika amguse. Na karibu na kichwa chake pana mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Elia ala, alala tena, na malaika arudi mara ya pili. Chakula kile hakikutoka katika mfuko wa Elia, lakini kwa nguvu zake alikwenda siku 40, mchana na usiku, mpaka Horebu. Nasi vivyo hivyo. Aliyekata tamaa akiuchimba moyo wake atafute imani humo, atazidi kuchoka. Na aende chakula kinakotolewa: katika Neno linalohubiriwa, katika ahadi ya ubatizo wake, katika Meza ya Bwana. Hata asipoona njaa, na ale. Malaika hakumwuliza Elia kama ana hamu.

Huko Horebu Elia alilalamika kwamba amesalia peke yake. Bwana akampa kazi na hesabu. Kazi ni hii: arudi, na pamoja na mengine ampake mafuta Elisha awe nabii mahali pake. Hesabu ni hii: wako watu 7,000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti. Elia hakuwaona, Mungu aliwajua.

Wazee wa Kilimanjaro waliyaonja hayo. Sharika za Machame, Mamba na Moshi zilianzwa na Misioni ya Leipzig kati ya 1893 na 1896. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu, wamisionari wale Wajerumani waliondoshwa nchini, wala hapakuwa bado na Mchagga aliyewekewa mikono kuwa mchungaji. Waalimu wenyeji wakaendelea kufundisha na kuwakusanya watu kusali. Baadaye wakaja wasaidizi kutoka Marekani. Wamisionari wa Leipzig walipoanza kurudi mwaka 1925, walikuta sharika zi hai. Na mwaka 1934 wachungaji wenyeji wa kwanza wakawekewa mikono.

Basi, ndugu, kama Jumapili hii viti ni vitupu, au nyumbani mwako wewe peke yako wasali, usihesabu kwa macho yako tu. Pokea kwanza chakula, kisha urudi kwenye kazi yako. Bwana Yesu mwenyewe alitiwa nguvu na malaika katika usiku wa uchungu wake (Luka 22:43). Yeye aijua njia unayoipita, naye hatakuacha jangwani.

Neema yake na iwe pamoja nanyi nyote. Amin.