Mzigo Kupita Kipimo

Mtu akishika sheria kwa maneno tu, je, ametii kweli?

Mwaka 1930, huko London, mataifa yalipatana kupunguza ukubwa wa manowari. Basi Wajaponi wakaunda manowari ndogo za mbio, aina ya Hatsuharu, za tani 1,400 hivi. Lakini wakubwa walitaka kila moja ichukue mizinga 5 na midomo 9 ya kurushia torpido, karibu sawa na meli zilizoipita kwa ukubwa. Machi 1934 meli nyingine iliyojazwa vivyo hivyo, Tomozuru, ilipinduliwa na dhoruba, wakafa watu wapata 100. Waliokufa si wale walioagiza mzigo. Ndipo za Hatsuharu zikatengenezwa upya: zikaondolewa midomo 3, mbio zikapungua, lakini zikatulia baharini.

Sisi twaona hivi: mwenye kuamuru hana haki ya kuwatwisha wengine hatari ya tamaa yake. Kupunguza mzigo si aibu. Aibu ni kungoja maiti ndipo tupime. Kila mkubwa, wa nyumba au wa kazi, na ajiulize leo: walio chini yangu, wanauweza mzigo niliowapa?