Jirani wa Kuchaguliwa

Wahenga walisema kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hiyo niliifundisha darasani kwa miaka mingi, lakini maana yake niliipata uzeeni, mbele ya tangi la samaki.

Mjukuu wangu aliniletea samaki mmoja wa buluu, mwenye mapezi marefu kama kanga iliyoanikwa penye upepo. Ni samaki mpiganaji, ambaye wataalamu humwita Betta splendens. Asili yake ni Thailand, katika vinamasi na mashamba ya mpunga. Huko watu walimfuga vizazi na vizazi kwa ajili ya kumpiganisha, wakichagua madume wakali ili wazae wakali zaidi. Mwaka 2019 nchi hiyo ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa.

Nilipomwona peke yake katika tangi la lita 40, nilimwonea huruma. Nikaenda dukani, nikanunua gapi wawili madume, wenye mikia mipana ya rangi. Muuzaji hakuniuliza kitu, nami sikumwuliza. Asubuhi ya tatu mmoja alikuwa akielea, mkia umebaki nyuzi.

Nilimkasirikia yule wa buluu, nikamwita katili. Hasira ilipotulia nikajiuliza: je, ni haki kumhukumu? Yeye alipouona mkia ule mpana aliona dume mwenzake ameingia katika milki yake. Huko kwao, anayeshindwa hukimbilia kwenye majani ya mbali. Ndani ya tangi hana pa kukimbilia. Ukali ulikuwa wake, lakini kioo kilikuwa changu.

Hapo nikamkumbuka mtoto mmoja. Nilipokuwa mwalimu wa bweni, nilimpanga mvulana mpole kitanda kimoja cha deka na mwenzake mgomvi. Nilidhani upole ungeambukiza. Muhula haukwisha, yule mpole alirudi kwao, na shuleni hakuonekana tena. Mgomvi nilimchapa viboko. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Ndugu msomaji, naona sasa kuwa makosa haya mawili ni kosa moja. Nilitaka kutenda wema bila kwanza kuwajua wale niliokuwa nikiwatendea. Huruma isiyouliza maswali ni upendeleo tunaojipa wenyewe, na gharama yake hulipwa na wengine.

Maswali yenyewe si magumu. Je, mgeni huyu ana mkia mrefu au rangi kali inayofanana na ya mwenyeji? Asiingie. Je, ana tabia ya kudonoa mapezi ya wenzake? Naye asiingie. Je, anapenda maji ya baridi, hali mpiganaji anataka nyuzi joto kama 25 hadi 27? Basi mmoja wao atateseka kimyakimya. Wanaofaa ni wale wasiogombea naye kitu: konokono, au, kama tangi ni kubwa, samaki wadogo wa chini waitwao koridora, ambao nao hutaka kuwa kundi la sita au zaidi. Mpiganaji hupenda juu, anakovuta hewa. Wao hutafuta riziki mchangani. Amani yao haitokani na mapenzi bali na nafasi.

Wapo pia wapiganaji wasiovumilia yeyote, na kwao kukaa peke yao si adhabu.

Gapi aliyebaki nilimhamisha. Baadaye nilimtia konokono mmoja, lakini safari hii niliweka pembeni chombo cha pili chenye maji tayari, nikaketi nikitazama. Hadi leo wanaishi salama, na chombo kile sijakiondoa.

Anayemchagulia mwingine jirani, hasa yule asiyeweza kuhama, na ajue kwamba ugomvi wao ni deni lake. Na kabla ya kuwakutanisha, atayarishe mlango. Mvulana yule sikumwekea.