Kura Moja Yampa Mtu Nini?

Katika mtaa mmoja wa Temeke watu wa chama cha kuzikana walimchagua mwenyekiti wao. Kura zilipohesabiwa, mmoja alimshinda mwenziwe kwa kura moja tu. Hapakuwa na hila. Sisi tulikuwapo, tukaona. Lakini mshindi akaweka watu wake katika kazi zote, hata mtunza majembe, akisema, "Tumeshinda." Baada ya majuma matatu ukatokea msiba upande wa pili. Wafiwa hawakukiita chama. Wakaazima majembe, wakachimba kaburi wenyewe. Basi tukajiuliza: kura moja yampa mtu nini?

Swali hili si la mtaa peke yake. Watu wa Unguja na Pemba ni jirani zetu, na wengi wakaa hapa Temeke na Kinondoni. Huko kwao, Januari 1961, walichaguliwa wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu 9, na chama cha Mohamed Shamte 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Kisha wale watatu wa Shamte wakagawanyika: wawili kwa Hizbu, mmoja kwa Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, wala hapakuwa na awezaye kuunda serikali.

Kiti kimoja kikaongezwa, watu wakapiga kura tena mwezi wa Juni. Hizbu 10, Afro-Shirazi 10, Shamte 3. Naye Shamte akaungana na Hizbu. Katika fujo zilizozuka Unguja watu 68 waliuawa. Julai 1963 Afro-Shirazi walipata kura 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba. Na tarehe 12 Januari 1964 serikali ikapinduliwa, na damu nyingi ikamwagika.

Wengine husema kosa lilikuwa katika kuigawa mipaka ya majimbo. Ni kweli, lakini si kweli yote. Maana kuhesabu kwajibu neno moja: nani aongoze? Hakujibu neno la pili: nchi ni ya nani? Mtu akitumia jibu la kwanza kwa swali la pili, amejenga juu ya mchanga. Wale waliosema "hapana" hawakutoweka jioni ya kuhesabu. Wangali pale, nao ni karibu nusu ya nyumba.

Labda msomaji atauliza: Ikiwa mshindi hana budi kuomba ruhusa kwa aliyeshindwa, ya nini basi kupiga kura? Twajibu: amri ni yake, wala hapaswi kuomba ruhusa kwa kila jambo. Lakini yako mambo yaliyokuwa ya wote kabla ya kura, nayo hayakupigiwa kura: kuzikana, kisima, shule, haki mbele ya hakimu. Hayo hayashindwi wala hayashindiwi. Naye aliyeshindwa ana wajibu wake: hesabu ikiwa ya haki, aikubali ijapokuwa chungu, wala asiende kutafuta kwa panga alichokosa kwa kura.

Visiwa vilijifunza neno hili kwa njia ndefu. Mwaka 1995 Rais alipatikana kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na Januari 2001 watu waliuawa tena. Ndipo tarehe 31 Julai 2010 wananchi wapata theluthi mbili ya waliopiga kura wakakubali serikali ya pamoja. Hata hivyo mwaka 2015 matokeo yalifutwa, na ugomvi ukarudi. Sheria njema ni ukuta. Lakini ukuta haumfundishi mtu kumwamkia jirani yake.

Basi yatupasa kuanza na vyama vyetu vidogo, maana ajizoezaye dharau mtaani hataiacha akipewa nchi. Mwenyekiti yule wa Temeke angali kitini, na majembe ya chama yako kwake. Msiba utakapotokea tena upande wa pili, tutaona kama atachukua jembe moja mwenyewe, na kulipeleka makaburini kabla hajaitwa.