Kihamba na Nyumba Mpya

Katika Kibosho, kihamba ni shamba na makaburi pamoja: migomba huwalisha walio hai, na wazee hulala humo humo. Mwenyeji apingapo nyumba mpya hutetea chakula na heshima, na hoja yake ni nzito. Lakini mizani ina vitanga viwili. Mila ya Wachaga ilipendelea mwana wa kwanza na wa mwisho katika urithi. Wa kati alitafuta kwingine, na binti hakuhesabiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilimpa binti haki sawa, ila haikuongeza mlima. Basi amwambiaye mwenzake, “Usijenge hapa,” ana deni la kumwonyesha pa kujenga. Asiyelilipa huilinda migomba kwa kumtupa mtoto aliyepandiwa.