Tenda Wema Nenda Zako: Je, Wema Una Maana Pasipo Akhera?

Methali hii tumezoea kuitoa pale mtu anapolipwa ubaya kwa wema wake. Umemsomesha mtoto wa ndugu yako, amepata kazi mjini, sasa hapokei hata simu yako. Wazee wanakwambia, "Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani." Unameza mate, unaendelea na shughuli zako. Kwa matumizi hayo methali imekuwa dawa ya kutuliza kinyongo, na wengi wetu hatuiulizi zaidi.

Lakini ndani yake mna agizo gumu kuliko hilo. Inamtaka mtenda wema asingoje malipo, wala haisemi malipo ya nani. Shukrani za mpwa wako zimo. Je, na thawabu za Mungu nazo zimo? Tuseme mtu anatenda wema huku akiamini kwamba hakuna malaika anayeandika, hakuna pepo wala moto, na kwamba huko aendako zake ni kaburini tu na basi. Wema wake utakuwa na maana yoyote? Na maisha yaliyojaa wema wa namna hiyo, yatakuwa yamekwenda bure?

Mimi ni mtu wa imani, na jibu langu ni kwamba hayatakuwa yamekwenda bure. Jibu hilo naliona wazi zaidi katika milima ya Upare, wilayani Same, kwa watu ambao kwa zaidi ya karne moja hawajakubaliana juu ya kinachomfika mtu akishakufa, na bado wameshika jembe pamoja.

Anayepita Same kwa basi la Arusha huona ukame tu: vumbi, mikonge, miti ya miiba, na ng'ambo ya pili mbuga ya Mkomazi. Apande kuelekea Mbaga, Chome au Mamba, atahitaji sweta. Mlima Shengena, wenye urefu wa mita 2,462, hukinga mawingu yatokayo baharini, na vijito vinashuka kutoka misituni hadi kwenye migomba, tangawizi na maharage. Katika miteremko hiyo kifo kimepewa majibu mengi.

Wapare wa zamani walimtambua Kyumbe, Muumba, lakini mambo ya kila siku waliyapeleka kwa wafu wao. Mzee alipofariki alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa likahifadhiwa mahali pa ukoo pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Hapo palipelekwa pombe na nyama, yakasemwa maneno, ikaombwa mvua na uzazi. Mfu hakwenda mbali. Alibaki kuwa mtu wa nyumbani, mwenye njaa yake na hasira zake, na akisahauliwa alidai haki yake kwa kuleta maradhi.

Kisha Uislamu ukapanda kwa njia za misafara kutoka pwani, ukaja na maswali ya kaburini, kiyama na pepo. Walutheri wa Leipzig wakajenga misheni Shigatini upande wa kaskazini na Mbaga upande wa kusini. Mwaka 1903 Wajerumani wawili, Johannes Ehlers na A. C. Enns, wakafika Giti huko Mamba, na hapo ndipo Kanisa la Waadventista Wasabato lilipoanzia katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wasabato walikuwa na fundisho ambalo hata Wakristo wenzao hawakulikubali: mtu akifa amelala. Hajui neno lolote, hasikii, hasaidii, hadhuru, wala hana roho iliyokwenda mahali popote. Anangoja ufufuo. Hebu fikiria fundisho hilo lilivyomwingia mtu aliyekuwa akilitunza fuvu la babu yake. Aliambiwa kwamba yule anayemmiminia dengelua hasikii kitu.

Leo katika ukoo mmoja wa Kipare utamkuta mjomba Mwislamu, shangazi Mlutheri na binamu Msabato. Msibani wanakaa pamoja na makande yanapakuliwa katika sufuria moja, lakini ukiwauliza marehemu yuko wapi saa hiyo, kila mmoja atakujibu lake. Sijui sehemu nyingi ambako tofauti kubwa kiasi hicho, juu ya jambo kubwa kiasi hicho, imekaa nyumba moja kwa utulivu huo.

Sasa twende kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kienyeji, kuta zake udongo na mawe, ingawa siku hizi nyingine zimepigwa saruji. Maji ya kijito huingizwa humo usiku yakakusanyika. Asubuhi tundu hufunguliwa, yakashuka kwa mfereji kutoka shamba hadi shamba, kwa zamu. Bila ndiva, kijito chembamba cha kiangazi kingenyonywa na mchanga kabla hakijafika kwa mkulima wa chini. Katika vijiji kama Bangalala na Vudee ndiva ndizo zinazoamua nani atavuna, na nyingi zina umri mkubwa kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote aliye hai.

Adui wa ndiva ni tope. Kila mvua huteremka na udongo wa mlimani, na ndiva isiyozolewa hujaa ikawa kiwanja. Kazi ya kuizoa ni ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili ni ya Walutheri, Ijumaa mchana ni ya Waislamu. Jembe linapata siku zinazobaki. Maji yameachiwa yakaisha, na chini limebaki tope jeusi la kufika magotini, linalonuka majani yaliyooza. Ndala zimepangwa ukingoni. Wenye machepe wanajaza makarai, na karai linapita mkono kwa mkono hadi juu, linamwagwa, linarudi tupu. Mama mmoja amefunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, anapokea karai bila kuangalia kwa sababu macho yake yako kwa mtoto anayecheza karibu na mfereji. Mzee ambaye mikono yake haina nguvu tena ya kushika chepe ameketi juu ya jiwe, anazitaja kwa sauti nyumba ambazo hazijaleta mtu.

Watazame waliosimama kwenye mstari huo. Yuko anayeamini kwamba babu aliyeichimba ndiva ataipata pepo kwa kazi yake. Wa pili anaamini babu amelala, hajui kama ndiva ingalipo. Wa tatu, kimoyomoyo, anahisi babu yuko papo hapo ukingoni na atakasirika kazi ikifanywa ovyo. Pengine yuko na kijana aliyerudi kutoka chuo kikuu ambaye haamini hata moja kati ya hayo na hajapata ujasiri wa kumwambia mama yake. Karai linapita kwao wote. Wanachokijua wote kwa hakika ni kimoja: tope lisipotoka, mahindi ya mtu fulani kule chini yatakauka yakiwa yanabeba.

Hapo ndipo methali inaposimama. Ubora wa kazi ile hauanzii kwenye malipo. Umo tayari katika maji yanayofika kwa jirani. Anayeamini anaweza kuongeza juu yake furaha ya kumtii Mola wake, na hilo si dogo. Lakini hata ukiiondoa nyongeza hiyo, jirani bado amevuna.

Wako watakaosema hii ni hatari: ondoa pepo na moto, nani atazoa tope? Hofu hiyo naielewa, ila dini zenyewe hazikuridhika na wema wa kuajiriwa. Katika Sura ya Insan wanasifiwa watu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa kwa ajili ya Mungu, pasipo kutaka kwa waliolishwa malipo wala shukrani. Katika Injili ya Mathayo Yesu anafundisha kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia. Na Rabia wa Basra, mcha Mungu wa karne ya 8, husimuliwa kwamba alipita njiani na moto mkono mmoja na maji mkono wa pili, akitaka kuichoma pepo na kuuzima moto wa jahanamu ili watu wamwabudu Mungu kwa ajili yake mwenyewe. Dini hizi zimeahidi thawabu, tena wazi. Lakini zimemtilia shaka mtu anayehesabu thawabu huku mkono wake ungali kwenye sahani ya yatima. Methali yetu imekubaliana nazo bila kulitaja jina la dini yoyote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama yote yanaisha, kuna faida gani? Leo Tolstoy wa Urusi, akiwa na umri wa karibu miaka 50, mwenye mali na sifa, alikaribia kujiua kwa sababu ya swali hili, na faraja aliipata kwa kutazama imani ya wakulima wa nchi yake. Kwetu sisi swali hilo lilipata sura ya Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Kazimoto ni kijana msomi. Elimu imemtoa kwenye imani ya wazee wake na haikumpa kitu cha kushika badala yake. Anauliza, anauliza, na mwisho anajiua. Nadhani wote wawili waliyapima maisha kwa kusimama mwisho wake na kutazama nyuma, na ukisimama hapo kila kitu huonekana kimeliwa. Tolstoy alipowatazama wakulima aliiona imani yao. Ningependa angeitazama na mikono yao pia.

Wengi hulijibu pingamizi hili kwa methali nyingine, Wema hauozi. Naipenda, lakini nikiwa mkweli, ndiva inaikanusha. Wema huoza. Tope linaingia, ukuta unabomoka, jina la aliyechimba linasahaulika. John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Waafrika wengi mfu hubaki katika Sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina, kisha hutoweka katika Zamani. Kwa hesabu hiyo wachimbaji wa ndiva nyingi za Upare wameshatoweka. Hakuna anayewaombea wala kuwamiminia pombe, na hata fuvu lao halijulikani lilipo. Kama maana ya maisha yao ilitegemea kukumbukwa, basi imekwisha.

Haikutegemea hilo. Mwaka mmoja wa njaa, zamani sana, mtoto fulani alikula uji kwa sababu maji yalifika shambani kwa baba yake. Mtoto huyo naye amekufa, na wajukuu wake wamekufa. Lakini kwamba siku ile alishiba ni jambo lililotokea, na hakuna kifo kinachoweza kulifanya lisiwe limetokea. Hata jua likizimika litakuwa limetokea. Mtu akiniambia kwamba hilo halitoshi kuitwa maana, nitamuuliza ni nini kingetosha, na kwa nini urefu wa muda uongeze thamani kwenye jambo ambalo lilikuwa halina thamani kwa siku moja.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo methali hii hunyamaza, na ni lazima tupaonyeshe. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka Goha, huko Mamba Miamba, ukazifukia nyumba pamoja na waliokuwamo. Walikufa watu zaidi ya 20, watoto miongoni mwao. Mtoto wa miaka mitatu hajapata nafasi ya kutenda wema na kwenda zake. Ameondolewa. Kumwambia mama yake kwamba maisha yana maana kwa sababu ya maji yanayofika kwa jirani ni ukatili. Mama huyo anamtaka mtoto wake, na ni ufufuo peke yake unaoahidi kumrudishia. Hapa ndipo ninapoona imani ina kitu ambacho wema mtupu hauna: ahadi kwamba walioonewa na waliokatishwa hawakuachwa hivyo. Asiye na imani ana njia ya kuyapa maana maisha yake mwenyewe. Kwa ajili ya mtoto wa Goha hana la kusema, na waungwana miongoni mwao hukiri hivyo.

Wala methali isitumike kumfunga mdomo anayedhulumiwa. Wapare walipowekewa kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, hawakwenda zao. Mwaka 1945 maelfu walishuka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa hapo kudai ifutwe, na baadaye wanawake nao wakaingia katika mapambano hayo. Usingoje shukrani ni agizo kwa mtenda wema. Mdhulumu hana haki ya kulitoa.

Ninawaandikia hasa wazazi, wachungaji na mashehe wenye kijana nyumbani ambaye ameacha kusali. Mwombeeni, mbishane naye, mumsomee. Lakini msimwambie kwamba bila Mungu maisha yake hayana maana yoyote, kwa kuwa anaweza kuwaamini, na Kazimoto aliamini hivyo. Mwambieni kuna msaragambo wiki ijayo na nyumba yenu lazima itoe mtu. Mpeni karai. Habari za akhera mtaendelea nazo jioni.