Orodha ya kifungu cha 13

Hapa Uvira, ukigusa habari ya wanaume wanaopenda wanaume wenzao, ao wanawake wanaopenda wanawake wenzao, jibu la kwanza ni: «Ile haiko desturi yetu.» Na masimulizi yanaishia pale. Sisi tunaoshika desturi tunauliza: kama si desturi, je, mtu huyo anapoteza haki ya kutibiwa, ya kupanga nyumba, ya kusoma?

Wengi wanafikiri inchi yetu inafunga watu hao. Hapana. Kanuni ya adhabu ya Kongo haikuandika kosa hilo, na miswada ya 2010 na 2013 iliyotaka kuliandika haikupita. Ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira ni mambo ingine: Burundi iliandika kosa hilo mwaka 2009, kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2, na kanuni yao ya 2017 ikaliacha vilevile. Mtu ni yuleyule, lakini akifika Gatumba amekuwa mkosaji.

Lakini kutofungwa si kulindwa. Kifungu cha 13 cha Katiba ya 2006 kinakataza ubaguzi juu ya dini, ukoo, hali ya maisha, makao, mawazo, kabila, lugha. Orodha inaishia pale. Kinabaki kifungu cha 12, kwamba Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Mwenye nyumba akimtupia vyombo nje, ao askari akimtisha kwa neno «kuvunja adabu» mpaka atoe franka, atashitaki kwa kifungu gani? (Wengine wataleta kifungu cha 40, kwamba ndoa ni ya mume na mke. Sawa, lakini hapa hatusemi ndoa. Tunasema mlango wa dispensari.)

Neno «kabila» mu orodha ile, sisi wa Uvira tunalijua uzito wake. Sheria ya kuadhibu ukabila iko tangu 1966, na bado huku kwetu watu wameulizwa kabila lao barabarani mbele ya kuulizwa walifanya nini. Sheria haikuzuia yote. Lakini aliyeonewa alikuwa na neno la kushitakia.

Mbele ya wazee, swali ni: nani ameumizwa, ili mbuzi ya fidia ipelekwe kwake? Mu habari hii, mbuzi tungeipeleka kwa nani? Wenzetu wengine hawakubali. Wanasema aibu ya ukoo nayo ni kidonda. Tunawasikia. Ila mtoto aliyeleta aibu ya wizi, tunamupelekea chakula mpaka mu gereza.