Nyungu na Pua Iliyoziba

Asubuhi hii, huko Boko, Dar es Salaam, yupo mama aliyeamka pua imeziba, akabandika sufuria ya mchaichai na majani ya mkaratusi ili ajifukize kwa mvuke wake chini ya shuka, yaani apige nyungu. Nyungu ilivuma nchini Tanzania mwaka 2020, wakati wa Corona, na mvuke huweza kumpa mtu nafuu ya muda. Hatari yake ni sufuria kupinduka. Mtoto asifunikwe shuka juu ya maji ya moto, hata dakika moja!

Kamasi yenyewe puani ni kinga: hunasa vumbi na vijidudu.

Ikizidi, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, yakipitishwa puani, husafisha pua vizuri. Kamasi ya kijani peke yake haihitaji antibayotiki. Mafua yakipita siku 10 bila nafuu, fika zahanati; mtoto akipumua kwa shida, mkimbize mara moja.